Daftari la Presha la Mama

Tangu mama yangu alipoambiwa katika zahanati ya jirani kwamba presha yake imefika 168 kwa 102, ilhali mwenyewe hakusikia maumivu yoyote, nimeacha kuamini kwamba mwili lazima ulalamike ndipo mtu aende kupimwa. Wengi huishi na shinikizo la juu la damu, yaani 140 kwa 90 au zaidi katika vipimo vya siku tofauti, kwa miaka mingi bila dalili, hadi figo, moyo au ubongo vidhurike.

Tulinunua mashine ya kupimia nyumbani. Kila asubuhi, kabla ya chai na kabla ya dawa, mama huketi kimya kwa dakika 5, mgongo umeegemea kiti, nyayo zimekanyaga sakafu na mkono umewekwa mezani usawa wa moyo, kisha naandika namba katika daftari ambalo daktari hulisoma kwa makini.

Chumvi ndiyo iliyotutaabisha zaidi, kwa kuwa Shirika la Afya Duniani linashauri isifike gramu 5 kwa siku, takriban kijiko kimoja cha chai, na mama anapenda mno papa mkavu. Kinachoniuma ni majirani wazee wanaokatisha dawa kwa kukosa nauli tu.