Piga hesabu kabla ya kulipia: ziara ya mji ya siku moja na mwongoza watalii

Ukiona tangazo la ziara linaloahidi vivutio kumi na viwili kwa saa nane, chukua kalamu na karatasi kabla ya kutoa pesa. Saa nane ni dakika 480. Ondoa 60 za chakula cha mchana. Ondoa 20 za asubuhi za kukusanyika, kuhesabiwa na kumsubiri yule ambaye bado yuko njiani. Kundi la watu 25 likiingia chooni halitoki chini ya dakika 15, na kwa siku litaingia mara tatu: ondoa 45. Kutoka kituo hadi kituo, kwa miguu au kwa basi, weka dakika 10 kwa wastani. Safari kumi na moja ni dakika 110. Foleni za ukaguzi kwenye milango miwili, 30 kila mmoja, ni 60 nyingine. Umebaki na dakika 185. Ukiingia ndani ya jengo moja tu kubwa, saa moja na nusu imekwenda. Zimebaki 95 za vituo kumi na kimoja, yaani hazifiki hata dakika tisa kwa kimoja, na humo humo mwongozaji aeleze, mpige picha na mjikusanye tena.

Hesabu hii ndiyo inayotenganisha ziara nzuri na mbaya. Wingi wa majina kwenye ratiba hausemi kitu. Kwa siku moja mtu mzima mwenye afya anaweza kuingia na kufaidi majengo mawili makubwa, na kuona mengine manne au matano kwa nje. Ziara inayoahidi zaidi ya hapo inakuuzia kioo cha basi.

Kwa hiyo soma vitenzi vya tangazo kuliko majina yake. "Kuingia" ni kitu kimoja, "kuona" ni kingine, na "kupita" ni kingine kabisa. Colosseum, uwanja wa kale wa mapigano mjini Roma, ni mfano mzuri. Ukiiona kwa nje umeona ukuta wake mkubwa wa matao, basi. Ukiingia kwa tiketi ya kawaida unafika kwenye ngazi za watazamaji na unautazama uwanja kutoka juu. Kushuka chini ya ardhi, kwenye vichochoro ambamo wanyama na wapiganaji walisubiri kupandishwa uwanjani kwa lifti za kamba, kunataka tiketi ya namna nyingine. Tangazo linaloandika "Colosseum" peke yake laweza kuwa na maana yoyote kati ya hizo tatu. Uliza kwa maandishi, ujibiwe kwa maandishi.

Kisha tazama kalenda. Kampuni inayojali wateja haiuzi ziara ya Louvre, jumba la makumbusho la Paris, siku ya Jumanne, kwa sababu Jumanne Louvre imefungwa. Taj Mahal ya India haipokei watalii Ijumaa. Makumbusho ya Vatican hufungwa Jumapili, isipokuwa Jumapili ya mwisho wa mwezi, ambayo kuingia ni bure na foleni yake huzunguka ukuta. Kasri la Topkapı mjini Istanbul hufungwa Jumanne, na Soko Kuu la mji huo hufungwa Jumapili. Kanisa la Westminster Abbey la London siku ya Jumapili ni la waumini. Misikiti mikubwa inayopokea wageni husimamisha matembezi wakati wa swala, na Ijumaa mchana husimama kwa muda mrefu zaidi. Ukiwa na siku moja tu mjini, anza na siku za kufungwa ndipo uchague ziara. Wengi hufanya kinyume, wanafika mlangoni na kupigwa picha wakiwa wameshika geti.

Suala la foleni linahitaji maneno mengi kidogo, maana ndipo watu wanapojiona wametapeliwa hata pale ambapo hawakutapeliwa. Kivutio kikubwa huwa na foleni tatu. Ya kwanza ni ya kununua tiketi. Ya pili ni ya ukaguzi wa usalama, pale mkoba unapopita kwenye mashine. Ya tatu ni ya ndani: lifti, ngazi nyembamba, au chumba kinachopokea watu kwa idadi. Tiketi ya "kuruka foleni" kwa kawaida huruka ile ya kwanza tu. Mnara wa Eiffel wa Paris unaonyesha hili wazi: unakaguliwa kwanza unapovuka uzio wa vioo unaozunguka miguu yake, unakaguliwa tena kabla ya kupanda, halafu unasubiri lifti, na anayekwenda kileleni hubadilisha lifti ghorofa ya pili, foleni nyingine hiyo. Upepo ukizidi, kilele hufungwa hata kama tiketi yako inasema kilele. Mwongozaji hana uwezo juu ya upepo. Ila kampuni inaweza kukuambia mapema itafanya nini kilele kikifungwa: kurudisha tofauti ya bei, au kutorudisha kitu. Hilo ndilo swali la kuuliza.

Tiketi zenyewe siku hizi nyingi zina jina na saa. Colosseum huandika jina la mwenye tiketi na hudai kitambulisho mlangoni. Alhambra, ngome na makasri ya kale ya Granada, Hispania, huandika saa ya kuingia kwenye Majumba ya Wanasri (watawala wa Kiislamu wa zamani), na ukichelewa saa hiyo hakuna wa kumlilia, ingawa bustani na ngome utaruhusiwa. Andika jina lako kwenye fomu kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na siku ya ziara iwe mfukoni.

Hapa kuna mtego wa wazungumzaji wa Kiswahili. Tiketi ikisomeka 09:00, ni saa tatu asubuhi. Ikisomeka 14:30, ni saa nane na nusu mchana. Kila mtu anajua hivyo akiwa ametulia. Ila ukiwa umeshuka kwenye ndege usiku, simu imejibadilishia saa yenyewe, na unamtumia mwenzako ujumbe wa "tukutane saa tatu", huku yeye ameiangalia tiketi na wewe umeiangalia saa ya ukutani, mkanganyiko huja. Katika kupanga ziara andikeni tarakimu kama zilivyo kwenye tiketi, wala msizitafsiri.

Sasa mwongozaji. Katika nchi kama Italia na Ufaransa, kueleza kundi ndani ya majumba ya makumbusho na majengo ya kale ni kazi ya mwenye leseni. Anayekupokea hotelini huenda si mwongozaji. Ni msindikizaji, atakukabidhi kwa mwenye leseni mlangoni. Si kosa, bali ujue nani ni nani, kwa sababu maswali ya historia yana mtu wake na maswali ya basi yana mtu wake. Ukubwa wa kundi ni muhimu kuliko lugha tamu za tangazo. Watu 10 hadi 15 husikia na huuliza. Wakipita 25, wa nyuma wanafika kituoni maelezo yakiwa nusu.

Ubora wa mwongozaji huonekana hasa mahali ambapo haruhusiwi kusema. Kanisa la Sistine ndani ya Vatican linataka ukimya, na picha ni marufuku. Kwa hiyo mwongozaji hukusimamisha mapema, mara nyingi kwenye ua wa Pigna, mbele ya mbao zenye picha za dari na za ukuta wa madhabahu, na hapo ndipo somo lilipo. Anayejua kazi hakupi majina arobaini. Anakupa vitu viwili vitatu vya kutafuta ukiwa ndani. Kwa mfano: mfululizo wa picha tisa za kitabu cha Mwanzo katikati ya dari, alizochora Michelangelo kati ya 1508 na 1512, unaanzia upande wa madhabahu kwa kutenganishwa kwa nuru na giza na kuishia na Nuhu upande wa pili. Yeye aliuchora kinyume, akaanza na Nuhu. Ukisimama chini ya Gharika unaona watu wengi, wadogo, wamesongamana, na kutoka sakafuni macho yanahangaika kuwatenganisha. Tembea kuelekea madhabahuni, watu wanapungua na viungo vyao vinazidi kuwa vikubwa, mpaka Adamu peke yake anajaza nusu ya picha. Kuna pia ukuta wa Hukumu ya Mwisho, wa 1536 hadi 1541, ambao ni mkono wa mtu yule yule akiwa na umri mwingine. Ukiingia na hayo kichwani, dakika 15 zinatosha. Ukiingia bila kitu utatazama juu, shingo iume, utoke. Kundi linapoelezwa uani, kwa hiyo, usiende kununua maji.

Makundi makubwa hugawiwa kifaa cha kusikilizia: kipokezi cha kuvaa shingoni na kisikilizi cha sikio moja. Kijaribu kabla hamjaondoka, uhakikishe namba ya chaneli ni ile ya mwongozaji wako, kwa sababu makundi mawili yakikaribiana unaweza kumsikiliza mtu mwingine robo saa nzima. Vingi vina tundu la milimita 3.5, hivyo visikilizi vyako vya waya vitaingia na ni safi zaidi. Mawimbi yake hayapendi kuta nene za mawe. Sauti ikianza kukwaruza, usikitikise kifaa. Ina maana umebaki nyuma au mwongozaji amepinda kona. Inua macho umtafute mara moja.

Mkoba nao una sheria zake, na hapa watu huumia kwa jambo dogo. Makumbusho ya Vatican hayaruhusu ndani mkoba unaozidi sentimita 40 kwa 35 kwa 15. Unauacha kabatini mlangoni. Louvre mpaka wake ni 55 kwa 35 kwa 20. Sasa, ziara nyingi za Vatican hutoka Sistine kwenda moja kwa moja Basilika la Mtakatifu Petro kwa mlango wa makundi, na ziara huishia pale kwenye uwanja mkubwa. Mkoba wako uko upande wa pili wa ukuta, mwendo wa kama robo saa kuzunguka, na huna tena mwongozaji. Beba mkoba mdogo tangu mwanzo. Mabegani na magotini pafunikwe kwa ajili ya makanisa na misikiti. Kanga moja nyepesi inamaliza kazi zote mbili, tena haichukui nafasi.

Viatu: vilivyokwisha kuvaliwa, vya soli nene. Ziara ya siku nzima ni kilomita nane hadi kumi na mbili, nyingi juu ya mawe yasiyo sawa, na kiatu kipya hukata kisigino kabla ya saa sita mchana. Kusimama huchosha kuliko kutembea, kwa hiyo mwongozaji anapoeleza tafuta ukingo uketi, pale panaporuhusiwa. Ngazi za Spagna mjini Roma, kwa mfano, kukaa ni kosa la kutozwa faini tangu 2019.

Kuhusu picha, fikiria jua liko wapi. Uwanja wa Trocadéro, ambako watu wengi hupigia picha Mnara wa Eiffel, uko kaskazini-magharibi ya mnara. Asubuhi jua liko nyuma ya mnara, na mnara unatoka mweusi. Alasiri jua liko nyuma ya mpiga picha na chuma kinaonyesha rangi yake. Ratiba inayokupeleka pale asubuhi si mbaya, ila picha isubiri. Mona Lisa, mchoro ulioko Louvre, hana shida ya jua. Shida yake ni udogo, sentimita 77 kwa 53 tu, mbele ya ukumbi uliojaa simu zilizoinuliwa. Mwongozaji mzuri hukuambia uangalie kwanza mchoro ulioko ukuta wa mkabala, Harusi ya Kana wa Veronese, wenye upana wa karibu mita kumi, ambao wengi huupa mgongo.

Kundi likikupotea, usilikimbize. Rudi mahali pa mwisho ulipomwona mwongozaji na usimame hapo dakika kumi, kwani naye akikuhesabu ukakosekana atarudi hapo hapo. Wawili wakitafutana kwa kutembea wanaweza kuzungukana saa nzima. Namba ya simu ya mwongozaji iandike kwenye karatasi pia, maana siku ya kupiga picha mia tatu ndiyo siku ya chaji kuisha.

Mwisho wa ziara mara nyingi si pale mlipoanzia. Jua mapema jina la kituo cha treni kilicho karibu na mahali pa kumalizia, na usipange ndege wala tiketi nyingine ndani ya saa mbili baada ya saa iliyoandikwa, kwa sababu ziara hurefuka kuliko inavyofupika. Bahashishi mpe mwongozaji mkononi kabla kundi halijatawanyika, na kama kuna dereva, yake itoe kando. Kisha vua kile kifaa cha shingoni umrudishie. Kila siku kuna mmoja anayeondoka nacho, na mwongozaji hubaki amesimama uwanjani akihesabu vipokezi.