"Kwani sisi ni wa kubeba tu?"

Leo asubuhi tulikuwa Tudor, Mombasa, tukipanda mikoko. Vijana 14 wa kujitolea, wengi ndio kwanza wamemaliza kidato cha nne. Mimi ndiye msimamizi wao.

Maji yalikuwa yamekupwa, na yakianza kujaa hakuna kazi tena. Kwa haraka yangu nikawapa ndoo za miche wabebe. Kupima, kuhesabu, kupanga, yote nikabaki nayo mimi.

Binti mmoja akanijia, tope hadi magotini.

"Dada, kwani sisi ni wa kubeba tu?"

Nilikosa jibu. Nikampa daftari na kamba ya kupimia.

Alilipokea kwa mikono miwili, baada ya kuifuta kwenye leso yake.

Mpaka sasa naiona ile mikono.

Nyinyi mnaosimamia vijana, mnawaachia waamue nini wenyewe? Niambieni.