Kifungo Cheupe

Mwaka 2019 nilikuwa na miaka 38, nikishona nguo Kibuye, Kisumu. Jioni moja nikioga, vidole viligusa kitu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapani. Kigumu kama punje ya njugu, wala hakiumi. Shangazi nilipomwambia hakulala. Alfajiri tulikuwa tayari kwenye foleni.

Kwenye chumba cha mamogramu, yaani eksirei ya matiti, dada wa eksirei alinipa kitambaa chenye maji nijipanguse makwapa. "Poda na dawa ya jasho hutokea pichani kama vichembe vya chokaa, mama, na vichembe hivyo huwa tunavitafuta." Akalilaza titi juu ya bamba baridi, bamba la pili la plastiki likashuka, likalibana hadi likawa bapa kama chapati. "Shika pumzi." Kila titi picha mbili: moja kutoka juu, moja ya mshazari. Niliumia, ila kwa sekunde chache tu.

Ripoti ilisema hakuna dalili ya saratani. Shangazi alipiga vigelegele pale pale koridoni, nami nikarudi kwa cherehani yangu. Chini kabisa waliandika kwamba matiti yana tishu nzito. Hakuna aliyenieleza maana yake, na hilo linanikera hadi leo.

Baada ya miezi minne ile punje ilikuwa imenenepa. Nilienda kwa daktari mwingine, mama wa makamo, akaipachika ile filamu kwenye kisanduku cha taa.

"Unafanya kazi gani, mwanangu?"

"Ni fundi wa nguo."

"Basi utanielewa. Mafuta ya titi hutoka meusi hapa, tishu nzito hutoka nyeupe, na uvimbe nao hutoka mweupe. Titi lako karibu lote ni jeupe. Kifungo cheupe kikidondoka kwenye marinda ya gauni la harusi, utakiona?"

Akanipeleka ultrasaundi mwenyewe. Hapo hakuna mionzi, ni mawimbi ya sauti tu. Uvimbe wa maji matupu, alinieleza huku akinipaka jeli, huonekana mweusi ti wenye ukingo laini. Wangu ulikuwa wa kijivu, kingo zimechanikachanika kama kitambaa kilichokatwa kwa mkasi butu. Shangazi, ambaye hajui kusoma, alinyoosha kidole kwenye skrini: "Si ndicho hicho?"

Ndicho. Nilichomwa ganzi, kisha nikaiona sindano kwenye skrini ikikisogelea kile kivuli. Ta! Ikang'ata. Mara nne. Vinyama vyembamba kama uzi vikatumbukizwa kwenye chupa ya fomalini, dawa ya kuvihifadhi visioze.

Majibu yalitoka baada ya wiki mbili: saratani, lakini kwapani haikuonekana kuwa imefika. Nilipewa tarehe ya upasuaji siku hiyo hiyo. Shangazi aliiomba ile filamu ya kwanza, akaiinua dirishani, akaitazama kwa muda mrefu.