Miaka 150 ya chuo changu pale kilimani

Leo, 6 Novemba 2024, chuo cha St. Olaf kimetimiza miaka 150. Nimeamka nikikikumbuka kile kilima cha Northfield, Minnesota, kule Marekani.

Ni wahamiaji Walutheri kutoka Norwei waliokianzisha mwaka 1874, wakiwa na Mchungaji Bernt Julius Muus. Wengi wao walikuwa wakulima. Na tangu mwanzo walipokea wavulana na wasichana pamoja! Jambo hilo linanigusa sana, maana mimi ni binti wa mkulima wa Iringa, nimelelewa KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania.

Baridi ya mwaka wa kwanza ilinitoa machozi, sitaficha. Kisha ikaja Desemba, nikaisikia kwaya ya chuo, ile iliyoanzishwa na F. Melius Christiansen mwaka 1912. Wanaimba wameshikana mikono, bila kinanda. Nikafumba macho, nikajiona nimekaa na mama kanisani kwetu, kwaya ya vijana ikiimba.

Nilienda kusoma kemia, nikajikuta pia darasani kwa walimu wa dini, falsafa na muziki. Nawashukuru wote, na mama wa jikoni aliyeniita "mwanangu" kila asubuhi.

Hongera, St. Olaf. Wenzangu wa kilimani mliopo Bongo, mko wapi? Tupige simu jioni hii.