Nilivyochelewa kumtoa Madoa bandani

Nina ng'ombe wanne tu wa maziwa, na ukiwa na wanne mmoja akizingua ujue robo ya banda imezingua, hilo nililielewa kwa kuchelewa. Madoa ndo ng'ombe wangu wa kwanza, kwenye uzao wa tatu alikuwa ananipa lita 18 kwa siku, na wawili kati ya hao wengine ni watoto wake, sa mtu kama huyo unamtoaje?

Alipozaa mara ya tano akapata mastaitisi, ugonjwa wa kiwele, chuchu ya nyuma kushoto. Tukatibu ikapoa, baada ya wiki kadhaa ikarudi, tukatibu tena ikarudi tena. Kila asubuhi kabla ya kukamua nakamulia michirizi ya kwanza kwenye kikombe cheusi, chuchu tatu maziwa safi, ya nne inatoa majimaji ya njanonjano yenye vibonge, na ukishika kiwele upande ule ni kigumu kama kiazi kibichi. Na maziwa ya siku za dawa yote unamwaga, hayo mi nilikuwa hata siyahesabu. Daktari wa mifugo akaniambia wazi kwamba ikishakuwa sugu ndani kunajenga makovu, dawa haipenyi vizuri, halafu huyo huyo anaambukiza wenzake kupitia mikono yako na kitambaa unachofutia. Basi nikawa namkamua wa mwisho, nikajiona nimemaliza kazi.

Ikaja habari ya mimba. Nilimpandisha siku kama 70 baada ya kuzaa, siku 21 zikapita karudi joto, yaani hajashika. Mara ya pili karudi. Mara ya tatu nikasema labda mbegu, labda madini hayatoshi, labda hivi labda vile (na kweli mara moja kosa lilikuwa langu, joto nimeliona asubuhi nikaja kumwita mtu wa kupandikiza mbegu kesho yake jioni, hapo ng'ombe hana kosa). Ya tatu nayo karudi.

Kilichoniamsha ni daftari. Siku moja nimekaa nikapiga hesabu, anatoa lita 6, nne zinaishia kwenye pumba na majani yake mwenyewe, mbili zilizobaki hazifiki hata kwenye dawa. Yaani wenzake ndo walikuwa wanamlisha. Na tayari ana miezi saba toka azae, hata angeshika mimba siku ile ile bado miezi tisa na kitu mbele, kwa hiyo uzao hadi uzao zaidi ya miezi 16 wakati mi natafuta 12 au 13, na hapo miezi miwili ya mwisho lazima umkaushe. Huku mtamba wake, binti ambaye hajazaa bado, mwenye mimba kubwa analala kwenye kona, nafasi hakuna.

Nilipoamua nikataka aondoke kesho yake, daktari akanizuia. Kwanza akampima mimba kwa mkono, maana kuna watu wanauza ng'ombe kumbe anayo. Hana. Pili, alikuwa ametoka kuchomwa dawa, lazima siku zilizoandikwa kwenye chupa ziishe ndo achinjwe. Nikazitumia kumlisha vizuri, akajaa kidogo mbavuni, mgongo ukaacha kuchongoka. Ningemtoa miezi minne nyuma angekuwa mzito zaidi, hiyo ndo inaniuma kuliko yote. Mfugaji mmoja alimtaka wa kukamua nikakataa, nikamwonyesha kile kikombe, akaelewa. Madoa akaenda kwa nyama.

Sa hivi namwangalia mwingine, anachechemea mguu wa nyuma, kwato zimerefuka. Ila huyo kila mwaka ukimpandisha mara moja tu anashika mimba na kiwele chake safi, huyo tunakata kwato kwanza.