Kabla ya gesi, vuta vakyumu

Kaskazi ikianza tu, wateja wangu wa friji hupungua na wa AC za gari huongezeka. Wengi huja na maneno mamoja: "Fundi, kompresa nishabadilisha, nitilie gesi niondoke." Kompresa ni ile pampu inayoisukuma gesi izunguke ndani ya AC, na kutia gesi ndiyo kazi fupi kuliko zote. Kazi yenyewe iko kabla ya hapo: kuvuta vakyumu, yaani kutoa hewa na unyevu wote ndani ya mfumo, na ndiyo watu wasiyotaka kuilipia wala kuisubiri.

Hivi karibuni mzee mmoja aliniletea van yake ya kubebea watalii, inayokwenda na kurudi baina ya uwanja wa ndege na Nungwi. Ina AC mbele na nyuma. Kompresa ya zamani ilikwama, fundi mwengine akamfungia ya mtumba kutoka Japani, na sina ugomvi na mtumba ikiwa umekaguliwa. Ikapoa vizuri, halafu ikaanza tabia: inapoa kama robo saa, inageuka inatoa joto, ukiizima ukapumzika kidogo inapoa tena. Mzee keshaambiwa na hiyo ya pili ni mbovu, atafute ya tatu.

"Mwanangu, nina wageni wa saa kumi," aliniambia.

"Baba, wape wenzako hao wageni. Leo gari inalala hapa."

Tabia ile si ya kompresa. Ni maji. Gesi ya AC, hii ya 134a, ikitoka kwenye kitundu chembamba cha ekspansheni valvu hupoa ghafla, na kama mna unyevu ndani ya mfumo, unaganda pale pale na kuziba njia. Gesi haipiti, AC inatoa joto. Ukizima, barafu inayeyuka na kila kitu kinarudi kama kawaida, mpaka mara nyengine. Kuganda huko ndiko madhara madogo. Maji yakichanganyika na gesi na oili kwa muda mrefu hutengeneza asidi inayokula vyuma kutoka ndani, na hapo kompresa mpya nayo inakufa.

Maji hayo yanatoka wapi? Kwenye hewa yetu hii hii. Unguja hewa ni nzito ya unyevu mwaka mzima, na masika ndiyo usiseme. Ukifungua paipu moja, hewa imeshaingia. Oili ya PAG, ile inayolainisha kompresa, nayo inanyonya unyevu kwa pupa, ndiyo maana kopo nikishalifungua silitumii tena wiki ya pili, na mdomo wa paipu nauziba kwa mpira hata kama naenda kuswali tu nikarudi.

Dawa yake ni pampu ya vakyumu. Maji yanachemka kwenye nyuzi 100 kwa sababu hewa inayakandamiza. Ukiiondoa hewa mpaka geji ya bluu, ya upande wa presha ndogo, ikasoma karibu na inchi 29 za zebaki chini ya sifuri, maji yanachemka kwenye nyuzi 25 hivi. Mchana wa Zanzibar una joto kupita hapo, kwa hiyo yanageuka mvuke yenyewe na pampu inayatoa. Asubuhi za kusi, kukiwa na ubaridi, naiwasha injini kidogo kwanza mpaka vyuma vipate moto, na pampu naiacha muda mrefu zaidi. Kwa kawaida siendi chini ya dakika 45, na kwa van yenye koili mbili za kupozea, mbele na nyuma, napitisha saa nzima. Nimeona gereji wanatumia kompresa ya friji kuwa pampu. Inavuta, lakini mara nyingi haifiki kina hicho, na inchi mbili za mwisho ndizo zinazochemsha maji.

Pampu ikimaliza kazi, nafunga koki zote mbili za geji, nazima, halafu natizama mshale wa bluu. Hapa ndipo ninapowataka vijana wangu wakae kimya na simu waziweke mfukoni. Mshale wa van ile ulisimama kidogo, kisha ukaanza kupanda, aste aste, kutoka 29 kuja 28, kuja 27. Kama ni unyevu tu uliobaki, utapanda kidogo na kusimama. Huu haukusimama, maana yake hewa inaingia mahali. Nikajaza naitrojeni mpaka psi 150, nikapaka povu la sabuni kila maungio, na kwenye paipu nene inayoingia kompresa povu likavimba. Kufungua, oringi, ule mpira wa duara wa kuzibia maungio, ni ile ile ya zamani: nyeusi, imelala bapa, upande mmoja ina mkwaruzo kama wa ukucha. Nikaweka ya kijani mpya, nikaipaka oili kwa kidole, nikafunga. (Tafadhali, msipimie kwa upepo wa kujazia matairi. Mnarudisha maji yale yale.)

Draya, kichupa cha kunyonya unyevu ndani ya mfumo, pia nikaitoa. Ile ya zamani ilikaa wazi wakati kompresa inabadilishwa, na chembe zake za kunyonya unyevu zilishashiba. Kubadilisha kompresa bila draya ni kumnyima mteja haki yake. Oili ya kompresa ya mtumba nikaimwaga yote, nikapima mpya, kwa sababu oili inatembea pamoja na gesi na lazima ujue imo kiasi gani. Wenye haibridi wasikilize hapa: kompresa ya umeme, yenye waya wa rangi ya chungwa, haitiwi PAG. Inataka oili ya aina nyengine, ya POE, iliyotajwa na mtengenezaji, kwa Denso ni ND-OIL 11. Ukikosea, umeme unavuja ndani ya kompresa.

Nikavuta vakyumu upya, mshale ukakaa. Sasa ndiyo gesi, na gesi naipima kwa mizani, sipimi kwa kushika paipu kama limepata baridi. Kibandiko chini ya boneti kilisema gramu 900. Mtungi juu ya mizani, injini inanguruma, gesi inaingia upande wa bluu ikiwa mvuke, mtungi umesimama wima. Koki nyekundu haiguswi.

Gramu zilipotimia, geji ya bluu ilisoma psi 42, lakini nyekundu, ya upande wa presha kubwa, ikapanda kupita 280 na bado inakwenda. Kwa joto la siku ile nilitarajia kama 210. Gesi ilikuwa sawa kwa mizani, kwa hiyo sikuipunguza hata gramu moja. Nikapita mbele ya gari: feni moja ya kondensa, ile rejeta ya mbele inayotoa joto la gesi, haizunguki kabisa, mota imeliwa na chumvi. Hapo nikajua kilichoiua kompresa ya kwanza. Gari ikiwa mbioni upepo unaokoa, ikisimama kusubiri wageni kompresa inasukuma dhidi ya ukuta.

Tukafunga feni ya mtumba, nyekundu ikashuka mpaka 205, na hewa ya mbele ikatoka nyuzi 8. Nimemwambia mzee kila akirudi kutoka fukweni aimwagie kondensa maji baridi, kwa mpira wa kawaida, asitumie mashine ya presha, itamlazia mapezi, vile vibati vyembamba vya kondensa. Na wewe kama AC yako inapoa barabarani na kutoa joto ukikwama kwenye foleni ya Darajani mjini, kagua feni kabla hujanunua kompresa.