Mkebe wa Mama na Skrini ya Gari

Mkebe wa majani ya chai jikoni kwa mama una umri mkubwa kuliko mdogo wangu wa mwisho. Ni mkebe wa bati uliowahi kuwa wa maziwa ya unga, rangi yake imechubuka pande zote, na kwa miaka yote ninayoikumbuka kazi yake imekuwa moja: mama akifungua pakiti mpya huyamimina majani yote humo, huutikisa kidogo, na majani hufika ukingoni. Mwaka jana yalikoma vidole viwili chini ya ukingo. Mama alidhani ameyamwaga, akainama kuangalia sakafuni, kisha akaikung'uta ile pakiti tupu. Nikaichukua pakiti nikaisogeza dirishani penye mwanga. Rangi ilikuwa ile ile, picha ile ile, bei ile ile na upana ule ule, lakini kwenye kona ya chini, kwa herufi zisizozidi punje ya ufuta, palikuwa pameandikwa gramu 450 mahali ambapo siku zote palikuwa na 500.

Wiki chache baadaye, katika mvua za Mei, nilikuwa nikimrudisha mama kutoka Kilifi kuja Mombasa kwa gari nililolinunua likiwa limekwisha kutumika Japani. Tulipopita Vipingo mvua ikawa nzito na kioo cha mbele kikaanza kushika ukungu kwa ndani. Katika gari langu la zamani ningenyoosha mkono bila kuangalia, nikabonyeza kitufe chenye mchoro wa kioo na vishale vitatu, na hewa ingeanza kuvuma kiooni. Gari hili halina kitufe hicho. Mambo yote ya kiyoyozi yamo ndani ya skrini, na skrini yenyewe imeandikwa Kijapani. Nilikuwa nimekariri kwamba huguswa mraba wa tatu kutoka kushoto, ukurasa wa pili ukafunguka, kisha ikaguswa alama ya juu. Lakini kidole hakiwezi kupapasa kioo laini kikajua kiko wapi, hasa gari likiwa linaruka mashimo na lori linakuja mbele. Niliwasha taa za dharura, ambazo kwa bahati njema zilikuwa na kitufe chake, nikatoka barabarani karibu na Kikambala nikasimama. Mama alikifuta kioo kwa upindo wa leso yake.

"Mwanangu, kitufe cha kioo wamekipeleka wapi?" aliniuliza.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisoma kila ninachokipata kuhusu namna magari na bidhaa za chakula zinavyosanifiwa siku hizi, na nimefikia kuamini kwamba kitufe kile kimekwenda kule kule zilikokwenda gramu 50 za majani ya mama. Vitu hivi viwili, ambavyo mtu asingefikiria kuviweka pamoja, vinabadilishwa kwa kanuni moja: uso unaotazamwa dukani hulindwa au hurembwa, na hasara hupelekwa mahali ambapo mnunuzi hatafika mpaka awe amekwisha kulipa. Pakiti huonwa kwa dakika moja kwenye rafu na hutumiwa mwezi mzima. Gari hutazamwa likiwa limesimama ndani ya ukumbi wenye taa nzuri, skrini inang'aa, wala hakuna mvua.

Bibi yangu alikuwa akiuza mchele na kunde kwa rejareja, naye alipima kwa kibaba. Vibaba vinne vilikuwa pishi moja, na watu wa pwani walitofautisha waziwazi kibaba cha tele, ambacho nafaka huachwa ikachomoza juu kama kichuguu, na kibaba cha mfuto, ambacho hupitishwa kiganja au kijiti ikawa sawa na ukingo. Muuzaji angeweza kuwa mchoyo, lakini uchoyo wake ulifanyika mbele ya macho ya mnunuzi, ambaye alikuwa na haki ya kusema "ongeza" au kuondoka. Pakiti ya leo ina namba iliyo sahihi kabisa, nami sidai kwamba kiwanda kile kilivunja sheria yoyote, kwa kuwa gramu 450 ziliandikwa na gramu 450 zilikuwamo. Ninachokilalamikia ni kwamba kila kitu kingine katika pakiti hiyo, kuanzia upana wake hadi rangi yake, kilisanifiwa ili kuliambia jicho kwamba hakuna kilichobadilika.

Mfano uliojulikana zaidi duniani ni wa chokoleti ya Toblerone nchini Uingereza mwaka 2016, pale kipande cha gramu 400 kilipofanywa cha gramu 360 na kile cha 170 kikawa 150 kwa kupanua nafasi kati ya pembetatu zake. Watu waliliona jambo hilo upesi kwa sababu umbo lenyewe lilifichua. Wengi wa watengenezaji wengine hawafanyi kosa la kuacha alama inayoonekana hivyo. Ufaransa imechukua hatua ninayoiona kuwa ya haki na rahisi kutekelezwa: tangu tarehe 1 Julai 2024, maduka makubwa yenye eneo linalozidi mita za mraba 400 yanapaswa kuweka tangazo karibu na bidhaa iliyopunguzwa kiasi huku bei yake kwa kipimo ikiwa imepanda, na tangazo hilo likae hapo miezi miwili. Sheria hiyo haimzuii mtu kupunguza. Inamtaka aseme.

Kuna kupunguza kwa aina nyingine ambako hata mkebe wa mama usingekugundua, nako ni kubadilisha kilichomo bila kugusa uzito. Bei ya kakao ilipita dola 12,000 kwa tani mwezi Desemba 2024, baada ya mavuno kuharibika kwa hali ya hewa na magonjwa ya mikakao huko Ivory Coast na Ghana, nchi mbili ambazo kwa pamoja hutoa zaidi ya nusu ya kakao ya dunia. Watengenezaji wengi waliongeza mafuta ya mawese na mafuta mengine ya mimea wakapunguza kakao, hata mwaka 2025 biskuti za Penguin na Club za Uingereza, zilizopendwa na vizazi kadhaa, zikalazimika kuacha kujiita za chokoleti na kuandika kwamba zina ladha ya chokoleti. Neno moja, "ladha", limebeba mabadiliko yote hayo, na atakayelisoma ni yule tu mwenye tabia ya kusoma.

Hapa ni lazima nikitetee kile kifuko kidogo ambacho watu wengi hukishambulia. Katika maduka ya mtaani kwetu utakuta sabuni, majani ya chai, maziwa ya unga na viungo vya pilau vikiuzwa katika vifuko vya shilingi tano, kumi au ishirini. Ni kweli kwamba ukipiga hesabu kwa gramu, anayenunua kidogo kidogo hulipa zaidi, na ni kweli pia kwamba vifuko hivyo hujaa mitaroni na ufukweni, jambo linaloniuma kila nipitapo. Hata hivyo kifuko cha shilingi kumi hakimdanganyi mtu. Kinajionyesha kuwa ni kidogo, kinauzwa kwa anayepata riziki yake kwa siku, naye anajua anachokipata. Udogo unaokiri kuwa ni udogo siuhesabu pamoja na ule uliovaa nguo ya ukubwa.

Nirudi kwenye gari, kwa kuwa huko hasara haipimwi kwa vidole viwili vya majani. Mwaka 2012 Tesla ilitoa Model S yenye skrini ya inchi 17 katikati ya dashibodi, na mwaka 2017 ikatoa Model 3, ambayo karibu kila kitu, hadi mwendo wa gari, husomwa kwenye skrini moja. Watengenezaji wengine walifuata kwa kasi, na mwaka 2021 Mercedes-Benz ilionyesha gari la EQS lenye ubao wa kioo wa sentimita 141 uliotanda kutoka mlango hadi mlango. Watu husema kwamba haya ni maendeleo ya teknolojia, na kwa sehemu ni kweli, lakini sababu kubwa ni ya kihasibu. Kila kitufe kinahitaji kalibu yake, nyaya zake, majaribio yake na mtu wa kukifunga. Skrini ni kipande kimoja, na kinachobaki ni programu, ambayo inaweza kunakiliwa katika magari laki moja bila gharama ya kipande cha ziada. Kitufe kilichoondolewa ni gramu zilizopunguzwa, ila hapa mnunuzi huambiwa kwamba amepewa kitu cha kisasa zaidi.

Jarida la magari la Sweden linaloitwa Vi Bilägare lilifanya jaribio mwaka 2022 ambalo natamani kila muuza magari angelisoma. Madereva walipewa kazi chache za kawaida, kama kuwasha joto la kiti, kubadilisha stesheni ya redio na kupunguza mwanga wa dashibodi, huku gari likienda kilomita 110 kwa saa, na walikuwa wamepewa muda wa kuyazoea magari kabla ya kupimwa. Katika Volvo V70 ya mwaka 2005, gari la vitufe vitupu, kazi zote zilikamilika kwa sekunde 10, yaani gari lilikwenda mita 306. Katika MG Marvel R, gari jipya la skrini, zilichukua sekunde 44.9, na gari lilikuwa limekwenda mita 1,372. Nikizihesabu mita hizo katika barabara ya Malindi ninayoijua, ni kupita steji, watoto wa shule, mikokoteni na bodaboda wasiohesabika huku jicho limetolewa barabarani mara kwa mara.

Jambo linalonipa moyo ni kwamba mwelekeo umeanza kugeuka. Volkswagen, ambayo katika Golf ya kizazi cha nane na ID.3 iliweka vipapaso vya joto na sauti, yaani sehemu laini za kupitisha kidole badala ya vitufe, ambavyo hata taa ya usiku havikuwa nayo, imekiri kosa lake. Mkuu wake wa usanifu, Andreas Mindt, alisema mwaka 2025 kwamba vitufe vya sauti, joto, feni na taa za dharura vitarudi katika magari yao yajayo, kwa kuwa gari si simu. Euro NCAP, shirika linalopima usalama wa magari Ulaya, limeweka katika kanuni zake za 2026 kwamba indiketa, taa za dharura, waipa, honi na wito wa dharura viwe na swichi za kushikika, la sivyo gari hupoteza alama katika kutafuta nyota tano. Kanuni hiyo si sheria ya nchi, lakini nyota tano huuza magari, na mtengenezaji anayeweza kupuuza malalamiko ya madereva hawezi kupuuza nyota. China nayo imeamua kwamba kuanzia tarehe 1 Januari 2027 aina mpya za magari ziwe na vishikio vya milango vinavyofunguka kwa nguvu ya mkono, nje na ndani, baada ya miaka kadhaa ya mtindo wa vishikio vinavyojificha ndani ya bati na kutegemea umeme.

Sisi wa Mombasa tutayaona mageuzi haya kwa kuchelewa. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri unaozidi miaka 8, na kwa kuwa gari lenye umri huo ndilo wengi wetu tunaloweza kulinunua, dashibodi inayochorwa leo huko Japani ndiyo tutakayoketi mbele yake miaka saba ijayo. Hii ina maana kwamba magari ya miaka ya skrini nyingi na vitufe vichache bado hayajamaliza kushuka bandarini kwetu. Mengi yako njiani. Nasi ni watumiaji ambao hakuna aliyetufikiria wakati wa kuchora. Redio ya gari la soko la Japani hukoma karibu na 90 au 95, ilhali stesheni zetu hufika 108, ndiyo maana mafundi huuza kifaa cha kuyasogeza masafa. Kwa lugha ya skrini, fundi wangu wa umeme wa magari aliniambia kwamba katika gari langu haibadiliki, na kwamba nikiing'oa skrini ile niweke nyingine, nitapoteza na kiyoyozi, kwa kuwa vyote vimeunganishwa. Mchoro wa kioo na vishale vitatu ulikuwa lugha iliyosomwa na Mjapani, Mswidi na mtu wa Kisauni bila mkalimani. Huo ndio ulioondolewa.

Kwa sasa nimebandika vipande vya utepe pembeni mwa skrini, kimoja kinene na kimoja chembamba, ili kidole kipate pa kuanzia. Mama amekwaruza mstari kwa ncha ya kisu upande wa ndani wa mkebe wake, pale majani ya pakiti mpya yanapofika, na amesema kwamba yakishuka chini ya mstari huo atahamia kwa muuzaji wa sokoni anayepima kwa mizani mbele yake.

Mdogo wangu anatafuta gari mwezi huu. Nimemwambia kwamba akifika kwenye yadi asianze kwa rangi wala kwa skrini. Aketi kwenye kiti cha dereva, afumbe macho, kisha atafute kwa mkono waipa, taa za dharura na hewa ya kuondoa ukungu. Juzi alinipigia simu kutoka yadi ya kwanza. Alikuwa amejaribu magari manne, na ni moja tu, la zamani kuliko yote, ambalo mkono wake ulivipata vyote vitatu.